New Hampshire 2008: Tafiti zilimpa Obama, kura zikampa Clinton. Tujadili kilichotokea

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Tafiti za maoni zikitoka kabla ya uchaguzi, uwe wetu au wa wenzetu, mjadala huwa haufiki mbali. Mgombea wetu akiwa mbele tunazisambaza, akiwa nyuma tunasema zimenunuliwa. Hili linaniuma kwa sababu neno "zimenunuliwa" linamwokoa mtafiti mbovu na kumzika mtafiti mwaminifu kwa mpigo mmoja. Hakuna anayebaki kuulizwa alimhoji nani, siku gani, na wale waliokata simu aliwahesabu vipi.

Leo naomba tukae na kesi moja: mchujo wa urais wa chama cha Democratic katika jimbo la New Hampshire, Marekani, Jumanne 8 Januari 2008. Kule mchujo wa jimbo hauamuliwi na wajumbe wa mkutano mkuu. Wananchi wenyewe wanapanga foleni kituoni kumchagua atakayepeperusha bendera ya chama. Na New Hampshire ina sheria yake inayolazimisha mchujo wake utangulie michujo mingine kama huo kwa siku saba au zaidi, kwa hiyo dunia nzima huwa inaitazama.

Siku tano kabla, Alhamisi tarehe 3, Barack Obama alishinda mikutano ya wanachama ya kuchagua mgombea katika jimbo la Iowa kwa asilimia 37.6. John Edwards alikuwa wa pili kwa 29.7, na Hillary Clinton, aliyeonekana mwaka mzima kuwa ndiye mwenye chama, akawa wa tatu kwa 29.5. Watafiti wakakimbilia New Hampshire. Tafiti za mwisho zote zilimkuta Obama mbele. Taasisi ya utafiti ya Gallup pamoja na gazeti la USA Today walimpa 41 kwa 28, tofauti ya pointi 13. Wengine walikuwa chini ya hapo, lakini wastani wa tafiti ulifika kama pointi 8. Hata kijiji cha Dixville Notch, ambacho hupiga kura saa sita usiku mchujo unapoanza, kilimpa Obama kura 7 na Clinton sifuri.

Usiku wa Jumanne masanduku yalipofunguliwa: Clinton asilimia 39, Obama 36 na ushee. Kura 112,404 kwa 104,815.

Kabla hamjaandika "walinunuliwa", tazameni upande wa pili. Usiku huo huo Republican nao walikuwa na mchujo wao New Hampshire. Tafiti nyingi zilifanywa na taasisi zile zile, kwa simu zile zile, siku zile zile. Zilimweka John McCain mbele ya Mitt Romney kwa pointi chache, na McCain akashinda kwa 37 dhidi ya takriban 32. Jimbo moja, watafiti wale wale, wikiendi moja: upande huu wamepatia, upande ule wameanguka. Anayetaka kueleza kilichotokea lazima maelezo yake yaeleze pande zote mbili, na hapo ndipo hoja ya rushwa inapokosa miguu.

Karibuni.

#2 Mdau wa Mwanza

Mkuu, heshima yako. Mimi nadhani jibu ni jepesi. Wazungu walikuwa wanaona aibu kumwambia mhoji kwamba hawatampigia mtu mweusi. Kwenye simu wanasema Obama, wakiingia kwenye kibanda wanamchagua mama. Hili lina jina kabisa kule.

#3 Mleta mada

Mdau wa Mwanza, umegusa penyewe, maana hilo ndilo lililosemwa na kila redio asubuhi ya Jumatano. Wanaliita "athari ya Bradley", kutokana na Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, aliyegombea ugavana wa California mwaka 1982. Tafiti zilimweka mbele, akashindwa kwa kura chache.

Chama cha watafiti wa maoni cha Marekani, AAPOR, kiliunda kamati ya kuchunguza tafiti za michujo ya 2008. Mwenyekiti wake alikuwa Michael Traugott wa Chuo Kikuu cha Michigan, na ripoti ikatoka Machi 2009. Kamati ilipima hoja hii moja kwa moja. Waliangalia rangi ya aliyehoji. Kweli, wahoji weusi walipata watu wengi zaidi wanaosema Obama kuliko wahoji weupe. Lakini hata kwa wahoji weupe peke yao, Obama bado alikuwa anaongoza! Kama aibu ndiyo iliyoleta tofauti yote, kwa wahoji weupe ile tofauti ingepotea. Haikupotea. Kamati haikuona ushahidi wa maana kwamba hii ndiyo sababu.

Waliangalia pia hoja ya watu wenye simu za mkononi tu wasiofikiwa na watafiti wa simu za mezani. Nayo haikutosha kubeba mzigo.

#4 Mdau wa Tanga

Sasa kama si aibu na si rushwa, basi ni lile kosa la kawaida wanaloandika chini kwa maandishi madogo. Asilimia 4 juu au chini. Si ndiyo?

#5 Mleta mada

Si hilo, ndugu yangu, na nafurahi umeuliza, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo waandishi wa habari.

Ukihoji watu 500 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni kama pointi 4.4 kwa asilimia ya mgombea mmoja. Lakini sisi hatusomi asilimia ya mgombea mmoja, tunasoma pengo kati ya wawili. Pengo lina makosa yake, na ni makubwa zaidi. Wagombea wakiwa kwenye 39 na 36, kwa watu 500, pengo linaweza kuyumba kama pointi 7 na nusu kila upande. Kwa hiyo utafiti mmoja unaosema "fulani anaongoza kwa 5" kwenye mchujo wenye ushindani mkali haujasema mambo mengi.

Hata hivyo makosa ya bahati nasibu yana tabia moja: yanaenda huku na huku. Tafiti kumi zikikosea kwa bahati, baadhi zitampendelea huyu na nyingine yule. New Hampshire zote za mwisho ziliegemea upande mmoja. Zikiegemea zote upande mmoja, kuna sababu iliyozigusa zote. Idadi ya waliohojiwa haiwezi kuponya hilo. Hoji hata laki moja, kama unawafikia watu wa aina moja tu, utapata jibu baya lenye maandishi madogo mazuri.

#6 Mdau wa Boston

Habari zenu. Mimi nipo Massachusetts, jimbo jirani na New Hampshire, na niliwahi kufanya kazi ya kuhoji watu kwa simu nilipokuwa mwanafunzi. Sikuwa kwenye hizo tafiti za 2008, lakini naweza kuwaeleza kazi yenyewe ilivyo.

Kompyuta inakupa namba. Unapiga. Mara nyingi hapokei mtu. Utaratibu mzuri ni kwamba namba ile haitupwi, inarudi kwenye foleni, inapigwa tena saa nyingine, siku nyingine, mara kadhaa. Akipokea mtu huulizi tu aliye karibu na simu, kuna taratibu za kuchagua nani ndani ya nyumba ahojiwe, kwa mfano yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi. Hiyo inakula muda. Msimamizi akiwa anataka matokeo Jumapili usiku, namba ambazo hazikupokelewa zinaachwa, na nafasi zao zinajazwa na namba mpya za watu waliopokea mara ya kwanza. Kwenye karatasi idadi imetimia. Ila umekusanya watu walio nyumbani, wenye nafasi, na wenye hamu ya kuzungumza siasa.

Na watu wenye hamu ni wale ambao mgombea wao ameshinda juzi.

#7 Mleta mada

Dada, Mungu akubariki, umesema kile ambacho ripoti ya kamati ilichukua kurasa nyingi kukisema. Ndiyo moja ya sababu kubwa walizoziona. Waliopatikana kwa simu ya kwanza walielemea kwa Obama. Waliopatikana baada ya kupigiwa tena na tena walielemea kwa Clinton. Na kati ya Iowa na New Hampshire mwaka ule kulikuwa na siku tano tu, wikiendi ikiwa katikati. Muda wa kurudia simu haukuwepo.

Nani hao wa kupigiwa mara ya tano? Kwa sehemu kubwa ni watu wa kazi za zamu, familia zenye wanachama wa vyama vya wafanyakazi, watu wasiofika chuo kikuu. Hao ndio waliokuwa ngome ya Clinton. Kwenye tafiti walikuwa pungufu, na uzito waliopewa katika hesabu haukutosha kufidia upungufu huo. Upande wa Republican McCain na Romney hawakugawanyika kwa mstari huo, ndiyo maana simu zile zile hazikuharibu hesabu yao.

Jambo la pili ni muda. Mdahalo wa wagombea ulifanyika Jumamosi tarehe 5 katika chuo cha Saint Anselm, Manchester. Jumatatu tarehe 7, kwenye mgahawa mjini Portsmouth, mpiga kura alimuuliza Clinton anawezaje kuhimili, naye sauti ikamkatika na machozi yakamlenga. Ilirushwa kila runinga. Tafiti nyingi zilikuwa zimefunga mahojiano Jumapili au Jumatatu hiyo hiyo. Mimi sikubaliani na wanaosema machozi yalileta ushindi wote, kamati nayo haikusema hivyo. Lakini utafiti uliofungwa Jumapili hauwezi kulaumiwa kwa kutoona Jumatatu. Wa kulaumiwa ni aliyeutangaza Jumanne asubuhi kama habari ya Jumanne.

#8 Mdau wa Mwanza

Nimekuelewa kuhusu hilo la aibu, nalirudisha mfukoni. Ila mbona uchaguzi mkuu wa Novemba mwaka huo tafiti zilipatia vizuri tu? Watu wa zamu hawakuwepo Novemba?

#9 Mleta mada

Walikuwepo. Tofauti ni mchujo wenyewe.

Uchaguzi mkuu una nanga, nayo ni chama. Mtu ambaye ukoo wake wote ni Republican, ukimkosa kwenye simu, bado unaweza kukisia atakwenda wapi kwa kuangalia kata yake, umri wake, alichofanya miaka minne iliyopita. Kwenye mchujo wote ni wa chama kimoja, na sera za Clinton na Obama zilifanana kwa mengi. Mpiga kura anaweza kuhama Jumapili jioni bila kujiona amesaliti kitu. Wengi wanawapenda wagombea wawili au watatu kwa wakati mmoja.

New Hampshire ikaongeza ugumu wake. Sehemu kubwa sana ya waliojiandikisha pale hawana chama, na sheria inawaruhusu kuomba karatasi ya Democratic au ya Republican wakifika kituoni. Mwaka 2008 hawa walikuwa na vivutio viwili, Obama upande huu na McCain upande ule. Unamhoji mtu Jumamosi anasema Obama, Jumanne anaamua afadhali akamsaidie McCain. Hajadanganya. Tena unaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura, kwa hiyo orodha ya wapiga kura aliyonayo mtafiti haijakamilika kamwe.

Ndipo linapokuja lile tatizo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: nani ahesabiwe kuwa mpiga kura. Mtafiti lazima akisie nani atatoka nyumbani Januari kwenye baridi ya theluji. Kila taasisi ina maswali yake ya kukisia, na nyingi hazikuyatangaza. Watu wawili wanaweza kuwa na mahojiano yale yale mkononi, kila mmoja akachuja kwa njia yake, wakatoa washindi wawili tofauti.

#10 Mdau wa Nairobi

Hamjambo nyote. Mjadala mzuri sana huu. Sisi Wakenya tuliifuata New Hampshire ile kwa moyo mzito, kwani Januari 2008 nchi yetu ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba, na babake Obama ni mtu wa Kogelo, Siaya. Katika siku zizo hizo za kampeni Obama alizungumza na Raila Odinga kwa simu kuhusu ghasia hizo.

Nina swali na nina mfano. Kwanza mfano. Mwaka 2022 tafiti kadhaa za mwisho hapa kwetu zilimweka Raila mbele. Matokeo rasmi yakawa William Ruto 50.49, Raila 48.85. Watu wakasema yale yale, kwamba zimelipiwa. Wachache ndio waliotazama idadi ya waliokataa kusema watampigia nani, ambayo ilikuwa kubwa kushinda pengo lenyewe.

Sasa swali. Sheria yetu ya mwaka 2012 inakataza kutangaza utafiti wa maoni katika siku tano za mwisho kabla ya kura. Je, wenzetu wangekuwa nayo, si wangeepuka fedheha hii?

#11 Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, ahsante. Piga hesabu uone. Iowa tarehe 3, New Hampshire tarehe 8. Siku tano. Kwa sheria yenu hakuna utafiti hata mmoja wa baada ya Iowa ambao ungetangazwa. Wananchi wangebaki na tafiti za Desemba, ambazo nyingi zilimweka Clinton mbele, na zingeonekana zimepatia!

Lakini kupatia kwa namna hiyo hakumfundishi mtu chochote. Mimi napendelea kile kipengele kingine cha sheria yenu, kinachomtaka anayetangaza utafiti aseme nani amelipia, wangapi wamehojiwa na lini. Hapo ndipo nguvu iwekwe. Kufunga mdomo kwa siku tano kunawaacha wanasiasa na tafiti zao za siri mkononi huku wananchi wakibaki na tetesi za WhatsApp.

#12 Mdau wa Tanga

Kuna kitu nilisikia kuhusu mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura New Hampshire. Ni kweli au ni hadithi za mitandaoni?

#13 Mleta mada

Ni kweli, na ni mtafiti anayeheshimika aliyeliibua, Jon Krosnick wa Chuo Kikuu cha Stanford. Zamani jimbo lile lilizungusha majina, kila jina likipata zamu ya kuwa juu. Mwaka 2008 hawakuzungusha. Waliokota herufi moja kwa bahati nasibu, ikatoka Z, kisha majina yakafuata alfabeti kuanzia hapo kwenye kila karatasi ya jimbo zima. Chama cha Democratic kilikuwa na majina 21. Joe Biden alikuwa wa juu kabisa, Clinton karibu naye, na Obama huko chini, karibu na mwisho. Krosnick alikadiria kwamba kukaa juu kunaweza kuongeza kama pointi 3. Kamati ya AAPOR nayo ililitaja kama jambo lililochangia. Kwenye simu wahoji wengi huchanganya mpangilio wa majina. Kwenye karatasi ilikuwa mmoja tu.

Ushindi ulikuwa wa pointi chini ya 3. Sisemi ndicho kilichompa ushindi. Nasema mtafiti makini angeliangalia karatasi ya kura kabla ya kutangaza.

Na wapo waliodai kura zenyewe zimeibwa. Mgombea Dennis Kucinich, ambaye hakuwa na nafasi yoyote ya kushinda, aliomba kura zihesabiwe upya. Zilihesabiwa kwa sehemu, na hakukuonekana tofauti ya maana.

#14 Mdau wa Boston

Naomba niongeze Michigan, 8 Machi 2016, mana huwa mnaisahau. Clinton huyo huyo, safari hii dhidi ya Bernie Sanders. Wastani wa tafiti ulimpa Clinton zaidi ya pointi 20. Tovuti ya utabiri wa uchaguzi ya FiveThirtyEight ilimpa zaidi ya asilimia 99 ya kushinda. Sanders akashinda, kama 49.7 kwa 48.3.

Kilichonishangaza ni chanzo. Ili kukisia nani atapiga kura unatazama mchujo uliopita. Mchujo uliopita wenye ushindani wa Democratic ulipaswa kuwa 2008, lakini mwaka ule Michigan iliharakisha tarehe yake kinyume cha kanuni za chama, Obama na Edwards wakaondoa majina yao. Kwa hiyo hapakuwa na kumbukumbu ya maana ya kuigia. Tena tafiti nyingi ziliegemea simu za mezani, zikawa na wazee wengi na vijana wachache, na vijana ndio waliombeba Sanders.

#15 Mleta mada

Asante dada. Na ona mwelekeo: 2008 makosa ya tafiti yalimuumiza Clinton, 2016 yalimpendelea. Angekuwa anazinunua, angezinunua vibaya sana.

Tatizo la kupokea simu nalo limekua. Kituo cha Pew kilikuwa kinafanikiwa kuhoji watu 36 katika kila 100 mwaka 1997. Mwaka 2018 walibaki 6. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye intaneti na kwenye makundi ya watu walioandikishwa kwa barua.

#16 Mdau wa Nairobi

Na kuna taasisi yoyote iliyowahi kukiri kosa kabla ya kura, badala ya kungoja kuumbuka?

#17 Mleta mada

Ipo, na ni mfano ninaouheshimu sana. Februari 2020, usiku wa Jumamosi kabla ya Iowa, gazeti la Des Moines Register lilikuwa litangaze utafiti wake wa mwisho, uliokuwa ukiendeshwa na Ann Selzer, ambao nchi nzima ilikuwa inausubiri. Mtu mmoja aliyehojiwa akalalamika kwamba jina la Pete Buttigieg halikusomwa kwake. Ikaonekana huenda mhoji mmoja alikuza maandishi kwenye skrini yake, jina likakatwa kwenye orodha. Hawakuweza kujua limetokea mara ngapi, wakaufuta utafiti wote. Fedha, kazi na jina lao, vyote viliwekwa kando kwa malalamiko ya mtu mmoja.

Hicho ndicho ninachotaka tukidai hapa kwetu. Mtafiti aweke mezani maswali aliyouliza, siku alizouliza, simu alizopiga na zilizokataliwa, na namna alivyochuja. Hata AAPOR ilihangaika: baadhi ya taasisi zilichelewa kutoa taarifa na nyingine zilitoa kidogo mno, ndiyo maana ripoti ilichukua zaidi ya mwaka. Wasiotoa ndio wa kutiliwa shaka, awe anaongoza mgombea wangu au wako.

#18 Mdau wa Mwanza

Mkuu, swali la mwisho kwangu. Ina maana gani hasa, ikiwa tafiti zikikosea kura bado zinahesabiwa? Mshindi ni mshindi.

#19 Mleta mada

Ina maana kubwa kwa sababu kwenye michujo mshindi anapimwa kwa matarajio, na matarajio yanatengenezwa na tafiti. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alishinda New Hampshire kwa karibu asilimia 50, tena jina lake halikuwa hata kwenye karatasi, watu waliliandika kwa mkono. Eugene McCarthy alipata karibu 42. Kwa kuwa wengi hawakumtarajia McCarthy afike huko, rais akaonekana ameshindwa, na mwisho wa Machi akatangaza kwamba hatagombea tena. Edmund Muskie naye alishinda mwaka 1972 kwa 46 dhidi ya 37 za George McGovern. Ilisemwa hazitoshi, na kampeni yake haikupona.

Clinton 2008 ni kinyume chake. Bila zile tafiti, kushinda kwa pointi 3 katika jimbo alilokuwa akiongoza karibu mwaka mzima kungeandikwa kuwa ni kuponea chupuchupu. Kwa kuwa tafiti zilikuwa zimeshamzika, magazeti yaliandika kwamba amefufuka. Alipata nguvu ya kuendelea hadi Juni. Na wajumbe wa kwenda mkutano mkuu wa chama waliopatikana New Hampshire usiku ule walikuwa 9 kwake na 9 kwa Obama.